Meli Isiyotia Nanga: Istilahi za Mfumo wa Kujishikiza Mahali

Mwaka 2012 kampuni ya Statoil ya Norwe, ambayo tangu 2018 huitwa Equinor, iligundua gesi asilia katika kisima cha Zafarani, kwenye bahari kuu ya Tanzania, mahali ambapo kina cha maji chazidi mita 2,000. Katika kina cha namna hiyo kutia nanga ni kazi ngumu na ya gharama kubwa. Meli ya kuchimba hubaki juu ya kisima kwa nguvu za rafadha zake, zinazoongozwa na kompyuta. Tangu shughuli hizo zifike katika maji yetu, mikataba na kanuni zake zimekuwa kazi ya mfasiri wa Kiswahili. Makala haya yanakusudia kueleza dhana zenyewe na kupendekeza istilahi zake.

Mwalimu aliyeko Kwai, katika milima ya Usambara, yu mbali na bahari, lakini dhana hii haitamshinda. Na alitazame basi lipandalo kutoka Mombo kwenda Lushoto. Likisimama mlimani, utingo huweka jiwe nyuma ya gurudumu. Jiwe hilo ni mfano wa nanga. Lakini dereva stadi aweza kulizuia basi lisirudi nyuma bila jiwe wala breki, kwa kupima klachi na mafuta. Basi limetulia, ilhali injini yafanya kazi. Ndivyo ilivyo meli hii: vipimo vya setilaiti, au vya mawimbi ya sauti kutoka sakafu ya bahari, huijulisha kompyuta kwamba chombo kimesogea, nayo huziamuru rafadha zipingane na upepo na mkondo. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono mwaka 1961 katika meli CUSS I, karibu na pwani ya Meksiko. Mwaka huo huo meli Eureka ikaifanya kwa mitambo.

Twapendekeza istilahi “mfumo wa kujishikiza mahali”. Kujishikiza ni kukaa pahali kwa muda bila kufungwa, na hiyo ndiyo maana itakiwayo. Neno “uthabiti” lisitumike hapa. Lafaa lihifadhiwe kwa sifa ya chombo kutopinduka.

Wanaopima kama meli yafaa kwa kazi hiyo ni “jumuiya za uainishaji”, kama vile Lloyd's Register, iliyoanza London mwaka 1760, na Bureau Veritas, iliyoanzishwa mwaka 1828. Kila jumuiya ina alama zake, lakini madaraja yanayofuatwa na wengi ni matatu, yaliyomo katika miongozo ya Shirika la Kimataifa la Bahari ya mwaka 1994, iliyorekebishwa mwaka 2017. Katika Daraja la Kwanza, hitilafu moja yaweza kuifanya meli ipoteze mahali pake. Katika Daraja la Pili, meli isipoteze mahali hata ikiharibika jenereta moja, rafadha moja au kompyuta moja. Katika Daraja la Tatu, isipoteze mahali hata chumba kizima kikiungua au kikijaa maji. Kwa hiyo mitambo inayosaidiana hutenganishwa kwa kuta zinazozuia moto na maji, na kompyuta nyingine huwekwa mahali pa mbali.

Hapa pana neno la hatari. Mitambo hiyo iliyozidishwa kwa makusudi, mfasiri mwenye haraka aweza kuiita “mitambo ya ziada”. Lakini ziada ni kilichobaki baada ya haja kutimizwa, nacho chaweza kuondolewa. Mtumishi wa serikali akisoma katika zabuni kwamba meli ina jenereta “za ziada”, atakuwa na haki ya kuuliza kwa nini zilipiwe. Kumbe jenereta hizo ndizo zinazoizuia meli isisukumwe mbali na kisima huku bomba lingali limeungwa chini, au isimburute mzamiaji aliye majini. Neno lifaalo ni “akiba”: kitu kinachowekwa kwa siku ya haja, na ambacho mwenye busara hakigusi. Mkulima wa Kwai atengaye mbegu kabla ya kuuza mavuno haiiti mbegu hiyo ziada.

Basi, “mitambo ya akiba”, “hitilafu moja” na “kupoteza mahali” ni maneno mepesi, na kila moja labeba maana yake kamili. Istilahi hupimwa kwa uamuzi ambao msomaji ataufanya baada ya kuisoma, na hapa uamuzi huo wahusu roho za watu.