UNAUZA TENKI LA SAMAKI? USIMWACHE MTEJA AONDOKE NA FILTA TUPU



Leo nazungumza na wale tunaouza samaki wa mapambo na matenki kwa simu. Unapiga picha, unaweka status, mteja analipa, boda anapeleka. Kama huuzi samaki soma tu, utapata la kwako, maana bidhaa ikiharibikia kwa mteja jina linaloharibika ni la muuzaji.

Lalamiko kubwa kwenye biashara hii ni moja: "Samaki wako wamekufa hata wiki mbili hazijaisha." Mteja anajua umemuuzia samaki wagonjwa. Kumbe mara nyingi samaki walitoka kwako wazima kabisa. Kilichowaua ni tenki jipya.

KWA NINI TENKI JIPYA LINAUA

Samaki anatoa amonia kupitia mashavu yake. Kinyesi na chakula kilichobaki navyo vikioza vinatoa amonia. Amonia ni sumu, na kiasi kinachoua samaki huwezi kukiona wala kukinusa. Maji yanang'aa kama ya chupa, samaki anahema juu juu, kesho yake amelala ubavu.

Kwenye tenki la zamani hilo halitokei kwa sababu kuna bakteria wazuri. Kundi la kwanza linageuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi, na tunaipunguza kwa kubadilisha maji. Kusubiri bakteria hawa wazaliane watoshe ndiyo tunaita kukomaza tenki. Ukianzia sifuri inachukua kama wiki 4 hadi 6.

Sasa shika hili: bakteria hao hawaelei elei kwenye maji. Wengi wanaganda kwenye vitu, hasa vile vilivyo ndani ya filta ambako maji yenye hewa yanapita muda wote. Kwa hiyo ukichagua cha kuweka ndani ya filta, unawachagulia bakteria nyumba. Nyumba nzuri ina sifa tatu: ina vitundu vingi, maji yanapita bila kukwama, na HAITUPWI.

KIPI UWEKE, KIPI UACHE

1. Sponji. Kwa mteja anayeanza, hii ndiyo ya kwanza. Inashika uchafu na inafuga bakteria kwa pamoja. Inasuuzwa, inarudi, inakaa miaka. Chukua ya filta yenyewe, yenye vitundu vya wastani. Yenye vitundu vidogo sana inaziba haraka. Usikate godoro wala sponji ya kuoshea vyombo, nyingine zina dawa za kuua vijidudu, na wewe vijidudu ndio unawatafuta.

Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa ni rahisi, haimezi vifaranga vya samaki, na umeme ukikatika mteja anaweza kutumia pampu ndogo ya betri. Hilo la umeme si dogo. Bakteria wanahitaji hewa, na filta iliyofungwa ikikaa saa nyingi bila maji kuzunguka wanaanza kufa humo ndani.

2. Pete za seramiki. Zina vitundu vingi mno, ni nyumba nzuri ya bakteria. Ila hazifai kupigwa na uchafu moja kwa moja, vitundu vinaziba. Ziweke nyuma ya sponji.

3. Mawe ya volkano. Yale mepesi yenye matundu matundu, ambayo watu wa Arusha na Kilimanjaro wanayajua vizuri. Yanafanya kazi inayokaribiana na ya seramiki kwa bei ya chini. Yaoshe mpaka maji yatoke meupe, yaloweke, ndiyo uyatumie.

Wauzaji wa pwani msiyachanganye na mawe ya matumbawe. Dondoshea siki kwenye jiwe: likitoa povu lina chokaa. Chokaa inapandisha ugumu wa maji na pH, na pH ikipanda amonia inakuwa kali zaidi kwa samaki. Kwa samaki wa Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa maji ya namna hiyo ndiyo yao, lakini hata wao tenki lazima likomae kwanza.

4. Pamba ya filta. Inasafisha maji yakawa meupe, hiyo tu ndiyo kazi yake. Inajaa uchafu haraka na inatupwa. Kama pamba ndiyo kitu pekee kwenye filta, siku mteja anaitupa anatupa na bakteria wote, na tenki linarudi kuwa jipya.

5. Mkaa wa filta. Unaondoa rangi, harufu na mabaki ya dawa. Amonia hauondoi. Baada ya wiki kadhaa unachoka na kubadilishwa. Wakati wa kukomaza tenki hauna ulazima, na ukitia dawa ya samaki utoe, la sivyo utainyonya. Mkaa wa jikoni si huu, mteja asije akajaribu.

6. Zeolaiti. Hii inanyonya amonia kweli, na ndiyo maana wengine wanaisifia kwa tenki jipya. Lakini amonia ndiyo chakula cha bakteria. Ukiinyonya yote unawanyima chakula na tenki linachelewa kukomaa. Ikishajaa inaacha kunyonya, na bakteria wa kutosha hawapo. Iweke kama kitu cha dharura.

Ushauri wangu kwa mteja mpya: sponji kwanza, na kama filta ina nafasi, seramiki au mawe ya volkano nyuma yake. Maji yaanzie kwenye sponji. Mkaa na zeolaiti usimuuzie kwa sababu tu vinaongeza bei ya seti.

HAPA NDIPO PESA ILIPO: UZA SPONJI ILIYOKOMAA

Mimi dukani nina tenki ambalo samaki wake siwauzi. Kazi ya tenki hilo ni kulea sponji. Sponji mpya inakaa humo ikifanya kazi wiki 4 au zaidi, kisha ndiyo inaondoka na seti ya mteja. Anaanza na bakteria waliokwisha zaliwa, sio na sifuri.

Masharti yake:
- Itoke kwenye tenki lenye samaki wazima. Ugonjwa nao unasafiri na sponji.
- Isafirishwe mbichi, kwenye mfuko wenye maji ya tenki kidogo na hewa nyingi, ifike siku hiyo hiyo. Ikikauka bakteria wamekufa.
- Mteja aanze na samaki wachache, alishe kidogo, aongeze taratibu. Sponji moja haibebi samaki 20 kwa siku moja.

Piga hesabu ya mfano. Seti inakupa faida ya 30,000. Samaki 6 wa 3,000 wakafa, ukaamua kumrudishia: 18,000. Boda tena 5,000. Umebakiwa na 7,000, na mteja bado hana amani na wewe. Kulea sponji kunagharimu umeme wa pampu ndogo na chakula cha samaki wachache.

Mteja asiyepata sponji iliyokomaa aendeshe tenki bila samaki. Adondoshe chakula cha samaki kidogo kila siku kioze, na apime maji. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itapanda kisha ishuke, nitrati itatokea. Amonia na nitriti zikisoma 0 zote mbili na zikabaki hapo siku kadhaa huku akiendelea kutia chakula, abadilishe maji mengi, ndiyo alete samaki. Na hapo unapata bidhaa nyingine ya halali kuuza: vipimo vya maji.

UJUMBE WA KUMTUMIA MTEJA (nakili, weka jina la duka lako)

"Asante kwa kununua kwetu. Tafadhali zingatia: 1) Maji ya bomba yana klorini inayoua bakteria wa filta, tumia dawa ya kuondoa klorini kabla hujayatia kwenye tenki. 2) Filta isizimwe, hata usiku. 3) Sponji usiioshe kwa sabuni wala maji ya bomba. Ikamue kwenye ndoo yenye maji uliyoyatoa kwenye tenki. 4) Usisafishe vichujio vyote siku moja. 5) Lisha kidogo, kile wanachomaliza ndani ya dakika 2. 6) Ukiona samaki wanahema juu ya maji, badilisha theluthi ya maji kisha nipigie."

Namba 3 na 4 zipigie mstari. Wateja wengi wana usafi wa kupitiliza: Jumamosi anatoa kila kitu, anasugua kwa sabuni, Jumatatu samaki wameelea.

Wapo watakaokwambia hawana muda wa kusubiri, wanataka tenki lijae samaki leo. Mpe tenki na sponji leo, samaki wachache kwanza, wengine awalipie na umhifadhie mpaka vipimo viwe sawa. Pesa umepata, na mteja ana sababu ya kurudi.

Kama una mwenzako anauza samaki mtumie hii. Kazi njema, na mauzo mema.