Taa ya studio na taa ya saloni

Mara ngapi tumesikia mwenzetu akilalamika kwamba foto ya matanga ilikuwa nzuri studio, lakini ilipofika nyumbani sura ya marehemu imekuwa nyeusi, hata macho hayaonekani? Mara nyingi karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni taa.

Studio, taa iko karibu na meza, nyeupe na kali. Chini yake hata foto iliyotoka nzito inaonekana wazi. Saloni zetu nyingi zina ampule moja katikati ya dari, na kuta zinapata mabaki ya mwangaza. Pale koti nyeusi na nywele vinaungana, sura inazama.

Basi mbele ya kulipa, toka nje na foto, simama kwenye kivuli, si juani. Mwangaza wa mchana ndio unaoonyesha rangi vizuri. Angalia ngozi, kisha nguo nyeupe: kama nyeupe imeelekea bluu au manjano, mwambie mpiga foto arekebishe. Halafu ingia kwenye kona yenye mwanga mdogo kama wa nyumbani, uangalie tena. Sura ikipotea, omba itolewe upya, nyepesi kidogo. Usione haya, ni franka zako.

Kuhusu ampule, soma karatoni. Namba yenye herufi K inaonyesha rangi ya mwanga: 2700 ni manjano ya jioni, 6500 ni nyeupe inayovuta bluu. Wachapaji wa kazi kubwa hulinganisha rangi chini ya taa ya 5000. Kwa saloni, mimi ningebaki kati ya 2700 na 4000. Namba nyingine ni IRC au Ra, inayopima jinsi taa inavyoonyesha rangi: 80 inafaa, 90 ni bora. Taa hafifu hukosa wekundu, na ngozi yetu ya kahawia inageuka majivu. Ampule ikiuzwa bila karatoni, mwambie muuzaji aiwashe, weka mkono wako chini yake. Ngozi yako unaijua.

Ukutani, taa imulike kutoka juu kwa mshazari, isije kioo cha kadre kikakurudishia mng'ao machoni. Usitundike kadre mbele ya dirisha: utaona dirisha, hutamwona baba.

Tena kuna jua. Huku Bukavu linaingia kwa dirisha la mashariki asubuhi na la magharibi jioni. Makumbusho mengi huweka foto dhaifu kwenye mwangaza wa luksi 50 hivi. Jua kali linaweza kupita 50,000. Saa moja ya jua kama hilo inaipa foto mwangaza wa saa 1,000 za makumbusho. Rangi iliyopauka hairudi, hata ukiihamisha kesho. Kandili na mishumaa nayo isikae chini ya kadre, kwa sababu ya moshi na joto.

Na ile foto ambayo hakuna nyingine, labda ya mama aliyefariki zamani, itolewe nakala. Nakala ndiyo itundikwe. Ya asili itiwe ndani ya bahasha ya karatasi, ilazwe katika kabati kavu, mbali na ukuta unaotoa unyevu wakati wa mvua.