Beji ya Mwangalizi wa Angani

Askari wengi huijua alama ya rubani. Wachache wamepata kuiona ile ya mwenzake, mwangalizi wa angani, iliyoanzishwa na Mfalme Wilhelm wa Pili wa Ujerumani Januari 1914. Ni beji ya umbo la yai, rangi ya fedha, yenye shada la majani na taji juu yake. Mwangalizi hakupewa kwa kurusha ndege, bali kwa kuona vema na kutoa habari za kweli.

Uzito wa kazi hiyo ulidhihirika hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilijificha katika delta ya Mto Rufiji. Tarehe 6 Julai 1915, meli za Kiingereza Severn na Mersey zilifyatua makombora zaidi ya 600, lakini machache tu yalipata shabaha. Zilipiga pamoja, hata mwangalizi aliyekuwa angani asitambue kombora lipi ni la nani.

Tarehe 11 Julai zikapiga kwa zamu. Juu yao aliruka rubani John Cull pamoja na mwangalizi wake, Arnold. Ndege ikapigwa, injini ikaharibika. Nayo ikishuka, Arnold aliendelea kutuma masahihisho kwa simu ya upepo. Ilianguka majini, wote wawili wakaokolewa. Königsberg iliangamia siku hiyo hiyo.

Wajerumani wa huku hawakuwa na ndege za kutegemea. Hata Zeppelin L 59, iliyotumwa kuwasaidia Novemba 1917, iligeuzia Sudani. Ndiyo maana beji hiyo ni adimu kwetu.

Lakini nishani za wazee wetu zipo. West Nile iliunganishwa na Uganda mwaka 1914, na vijana wake wengi waliingia King's African Rifles. Akina mama wa Ajia, Arua na Koboko, msizisugue nishani hizo kwa mchanga wala majivu. Zifungeni katika kitambaa safi kikavu, pamoja na hati ya kuachishwa jeshi. Kisha kijana aandike jina la mzee, namba yake, kikosi chake na mahali alipopigana, kabla wanaokumbuka hawajatutoka. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na nishani isiyojulikana mwenyewe ni kipande cha chuma tu.