Baada ya ajali: fahamu tathmini tatu kabla hujachelewa

Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha ya eksirei. Usingizi uliopotea, hofu ya kupanda pikipiki tena, au mkono ulioungwa lakini ukashindwa kufunga kifungo cha shati, hayo hayaonekani kwenye picha. Kwa hiyo mkazi aliyeumia anaporuhusiwa kwenda nyumbani, bado anahitaji kupimwa ili ijulikane anaweza kufanya nini, hawezi nini, na hali yake ya moyo ikoje.

Njia ambazo watu huumia hapa Uasin Gishu tunazijua sote. Bodaboda hugongwa kwenye barabara kuu ya kuelekea Turbo au Burnt Forest. Mkono hunaswa na mashine ya kupukuchua mahindi au ya kukata majani ya ng'ombe. Msumeno hukata vidole katika karakana ya mbao, naye fundi huanguka kutoka kwenye jengo. Matibabu ya dharura yakiisha, wengi hudhani safari imekwisha.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kuna tathmini tatu tofauti: ya utengamao, ya fidia, na ya kusajiliwa kuwa mtu mwenye ulemavu. Karatasi ya moja haichukui nafasi ya nyingine, na ile ya fidia ina muda wa mwisho uliowekwa na sheria.

Tathmini ya utengamao

Utengamao ni huduma za kumsaidia majeruhi arudi kwenye shughuli zake kadiri inavyowezekana. Hufanywa na timu: daktari, mtaalamu wa fiziotherapia, mtaalamu wa kumfundisha mtu upya kazi za kila siku, fundi wa viungo bandia, mshauri nasaha na afisa wa ustawi wa jamii. Mjini Eldoret huduma hizi zinapatikana katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, iliyoanza kama hospitali ndogo mwaka 1917 na kufanywa hospitali ya rufaa mwaka 1998. Anza katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, nao watakupa barua ya rufaa ukihitaji.

Mtaalamu hupima pembe ambayo kiungo kinaweza kukunjwa, na nguvu ya misuli kwa alama 0 hadi 5. Alama 0 ni msuli usiotikisika kabisa, 3 ni unaoweza kuinua kiungo bila kusaidiwa, na 5 ni nguvu ya kawaida. Halafu huja maswali ya maisha ya kila siku: Unakula mwenyewe? Unaoga? Unaenda msalani? Unapanda ngazi? Kipimo kimoja kinachotumika sana, kiitwacho Barthel, huuliza kuhusu shughuli 10 na kutoa alama hadi 100.

Maswali kuhusu nyumbani yana sababu yake. Tangu mwaka 2001, Shirika la Afya Duniani hutumia mfumo unaotazama mwili, shughuli za mtu, ushiriki wake katika jamii na mazingira anamoishi. Watu wawili waliokatwa mguu mahali pamoja wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa. Karani wa ofisini mjini anaweza kurudi kazini akipata mguu bandia. Mkulima wa Moiben ambaye choo chake kiko chini ya mteremko, na ng'ombe wanamngoja saa kumi na moja alfajiri, anahitaji mengi zaidi ya mguu huo.

Ukiulizwa, sema ukweli. Usijikaze kuonyesha kwamba huna shida, wala usiongeze chumvi. Ikiwezekana, nenda na mtu unayeishi naye, kwa kuwa yeye huona mambo ambayo wewe umeshayazoea.

Majeraha ya moyo

Baada ya ajali ni kawaida mtu kushtuka na kuhuzunika. Lakini ikiwa mwezi mmoja umepita na bado anaota ajali ileile, anakwepa barabara ile, anashtuka kila pikipiki ikinguruma au amejitenga na familia, anahitaji kuonana na mtaalamu. Aliyegongwa kichwani naye anaweza kuwa msahaulifu au mwepesi wa hasira ingawa kidonda kimepona. Familia isiharakishe kusema amebadilika tabia. Huenda ni jeraha la ubongo.

Wahudumu wa afya hutumia dodoso fupi la PHQ-9 kupima msongo na huzuni ya wiki mbili zilizopita. Lina maswali 9, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Anayepata 10 au zaidi kwa kawaida huchunguzwa zaidi. Kipimo hiki kimejaribiwa karibu nasi: utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kinavyofanya kazi kwa watu wazima wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya, chini ya mpango wa AMPATH wenye makao hapa Eldoret.

Hali ya moyo huathiri uponaji wa mwili. Asiyelala hana nguvu ya kufanya mazoezi aliyopewa. Asipofanya mazoezi kiungo hukakamaa, maumivu huongezeka, na usingizi hupotea zaidi. Ukiona mtu anazungumzia kifo au kujidhuru, usimwache peke yake. Mpeleke hospitalini, au piga simu bila malipo kwa Shirika la Msalaba Mwekundu nambari 1199.

Tathmini ya fidia

Aliyeumia akiwa kazini analindwa na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Mwajiri akishaarifiwa, anatakiwa kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini ndani ya siku 7. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Usiogope kwa sababu hukuandikiwa barua ya kazi, kwani Sheria ya Ajira inatambua pia mikataba ya mdomo.

Daktari hutoa asilimia ya ulemavu wa kudumu, na fidia hukokotolewa kwa mshahara wa miezi 96. Kwa mfano, mfanyakazi wa Sh15,000 kwa mwezi aliyepewa asilimia 20: 15,000 mara 96 ni Sh1,440,000, na asilimia 20 yake ni Sh288,000.

Asilimia hiyo hutolewa hali ya mgonjwa ikishatulia, kwa hiyo daktari anaweza kukuambia urudi baadaye. Lakini kuripoti hakungoji kupona. Ripoti mara moja, asilimia itafuata.

Mwendeshaji bodaboda aliyejiajiri hana mwajiri wa kumlipa chini ya sheria hii. Kwa ajali ya barabarani, piga ripoti kituo cha polisi, chukua abstrakti na fomu ya P3 ijazwe na daktari, kwa kuwa dai hilo hufuata bima ya gari lililosababisha ajali.

Tathmini ya usajili

Ulemavu ukibaki wa muda mrefu, unaweza kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Jopo la wataalamu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa hukupima na kujaza ripoti, ambayo hutumiwa kuomba kadi. Haki za wenye kadi zinalindwa na Katiba na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Zipo pia nafuu kama vile msamaha wa kodi ya mapato, ambao huombwa kando.

Kuwa na kadi hakumaanishi kwamba huwezi kufanya kazi. Wengi huikwepa kwa aibu, kisha wakakosa msaada ambao ni haki yao.

Unapokwenda kupimwa, beba:
- Kitambulisho cha taifa
- Barua ya kuruhusiwa kutoka hospitalini na picha za eksirei
- Orodha ya dawa unazotumia
- Abstrakti ya polisi au nakala ya ripoti ya ajali kazini, ikiwa ipo
- Maelezo mafupi ya kazi uliyokuwa ukifanya kabla ya kuumia

Tunza nakala ya kila karatasi nyumbani. Ikiwa majeruhi hawezi kusafiri, mwambie mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, naye ataarifu kituo cha afya.