Mikono Ile Ile, Mchezo Mwingine



Mchezo si jambo geni katika dini yetu. Mtume Muhammad (s.a.w.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa mikuki msikitini, naye akampa Bibi Aisha nafasi ya kutazama. Ikiwa ni hivyo, yafaa mtoto asiyeona, au asiyesikia, au mwenye mikono dhaifu, akae kando siku zote akitazama furaha ya wenziwe?

Swali hilo tumelipima kwa mchezo mmoja wa video ambao khabari zake zimewafikia vijana wengi: Marvel's Spider-Man 2, uliotolewa tarehe 20 Oktoba 2023 na kampuni ya Insomniac Games ya Marekani kwa mashine ya PlayStation 5. Ndani yake vijana wawili huruka kwa nyuzi, mfano wa buibui, juu ya maghorofa ya New York wakipambana na waovu. Hizo ni hadithi za kubuni, na kila Mwislamu ajua kuwa nguvu zote ni za Mwenyezi Mungu. Sisi hatuusifu ushujaa huo. Twauliza tu, mlango wake umefunguliwa kwa nani?

Kwa mwenye mikono dhaifu umefunguliwa vizuri. Aweza kupunguza mwendo wa mchezo hadi asilimia 70, 50, au hata 30 ya mwendo wa kawaida. Aweza kuhamisha kazi ya kitufe hiki kwenda kitufe kile. Na pale panapotakiwa kubonyeza upesi upesi, aweza kuiachia mashine imalize yenyewe. Mwenye uoni hafifu huweza kuwapa mashujaa na maadui rangi zilizokoza, wakajitenga na mandhari yaliyo nyuma yao. Kiziwi hupata maneno yote kwa maandishi, akayakuza apendavyo. Tena katika hadithi yumo msichana kiziwi, Hailey, azungumzaye kwa lugha ya alama. Naye hakuwekwa ili ahurumiwe, bali ana kazi yake, na mchezaji hushika nafasi yake kwa muda. Natasha Ofili, aliyemwigiza, mwenyewe ni kiziwi.

Upungufu nao upo. Asiyeona kabisa ni vigumu kuumaliza peke yake, kwani njia za angani hutafutwa kwa macho. Maandishi yake hayapo kwa Kiswahili. Basi kiziwi wa Machochwe, wilayani Serengeti, aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, herufi kubwa za lugha asiyoijua zitamfaa nini? Na hata lugha ya alama iliyomo ni ya Marekani, si ya Tanzania. Kisha bei: huko Marekani mchezo ulipotoka uliuzwa dola 70, na mashine yake dola 500. Kwa nyumba ya mkulima au mfugaji, hicho ni kizingiti kirefu kuliko vyote.

Lakini lipo somo lisilo na bei. Watu walikuwa wakisema, mwenye mikono dhaifu hawezi michezo hii. Leo aweza. Mikono yake haikubadilika. Kilichobadilika ni mchezo.

Na hilo Waislamu tulifundishwa zamani. Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na ni kwa ajili yake ziliteremka aya za mwanzo za Sura Abasa. Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini pamoja na Bilal. Hakuambiwa, "Huioni alfajiri, basi acha." Watu walimwambia kumekucha, naye akaadhini. Kazi ilibaki yake. Wenziwe walimwongezea kile alichokikosa tu.

Basi yatupasa tuzitazame nyumba zetu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, katika ibara ya 30 umetaja haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo sawa na wenzao. Haki hiyo haihitaji PlayStation. Bao laweza kuchezwa na asiyeona, kwa kuwa kete huhesabika kwa vidole. Mpira ukifungwa njuga hufuatwa kwa sikio; mwaka 1946 ulibuniwa mchezo wa mpira wenye kengele kwa askari waliopofuka vitani, na leo huchezwa katika mashindano ya dunia. Mtoto kiziwi hatakuwa mgeni nyumbani kwao ikiwa baba, mama na ndugu watajifunza alama zake. Mwenye miguu mizito aongezewe muda, wala asiondolewe mchezoni.

Enyi vijana, mtakapogawana timu jioni, msimwache mwenzenu ukutani. Nanyi wazazi, msimfiche mtoto ndani kwa kuona haya. Yeye ni amana, nanyi mtaulizwa juu yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wafunguzi wa milango. Amin.