Vali inayopozwa kwa maji

Vali (ngeli ya i-/zi-) ni kifaa cha kuruhusu, kupunguza au kuzuia gesi au kiowevu kisipite bombani. Koki ya jikoni ni vali pia, ila kazi yake ni nyepesi. Katika tanuri la kuyeyushia madini ya chuma, hewa hupashwa moto kwanza ndani ya minara ya aina aliyoibuni Mwingereza Edward Alfred Cowper mwaka 1857, na huweza kufikia nyuzi 1,200 za Selsiasi. Chuma cha pua hupoteza nguvu mapema kabla ya hapo; ndiyo maana kisahani cha vali na kiti chake huwa na uwazi ndani, ambamo maji hupita bila kukoma.

Mfasiri wa maelekezo ya usalama na atahadhari na kitenzi kufunga. “Funga vali” huweza kumaanisha kuziba njia, na huweza kumaanisha kuipachika vali bombani, kama fundi afungavyo taa. Heri kuandika “ziba njia kwa vali”, au “pachika vali”. “Zima vali” ni kosa baya zaidi: msomaji aweza kukata maji, ilhali vali iliyozibwa ingali motoni. Kisahani kikipinda, njia haizibiki tena, na upulizaji ukisimama, gesi ya tanuri yenye kaboni monoksidi, isiyo na harufu, yaweza kurudi nyuma. Nayo maji yakirejeshwa ghafla katika vali iliyokwisha kupata moto hugeuka mvuke papo hapo na kuipasua. Kwa hiyo agizo la maji liandikwe katika sentensi yake peke yake.