Fahamu: Redio ya Mji Mdogo Inapomilikiwa na Kampuni ya Mbali

Usiku wa manane wa tarehe 18 Januari 2002, katika mji wa Minot, jimbo la North Dakota nchini Marekani, treni ya mizigo iliacha reli, matangi yakapasuka, na wingu zito la amonia likatanda juu ya nyumba za watu waliolala. Na polisi walipopiga simu redioni ili raia watahadharishwe, ulipita muda wasipate wa kuwaitika. Vituo sita vya redio vya kibiashara mjini humo vilikuwa milki ya kampuni moja, Clear Channel, yenye makao yake Texas. Kampuni ilijitetea kwamba mtumishi alikuwa zamu, na kwa insafu yafaa kusema kuwa mtambo wa tahadhari nao haukufanya kazi. Mtu mmoja alifariki, mamia wakadhurika.

Asili ya umiliki huo wa kampuni moja ni sheria ya Marekani ya 1996, iliyofuta ukomo wa vituo 40 kwa mmiliki mmoja nchi nzima, hata Clear Channel ikakusanya zaidi ya 1,200. Faida ya kumiliki vituo vingi ni dhahiri: gharama hupungua, kwani sauti iliyorekodiwa mbali husikika katika miji mingi kana kwamba msemaji ni jirani. Lakini sauti hiyo haijui barabara ipi imefungwa kwa theluji, wala nani amefiwa. Mwaka 2017 hata sharti la kuwa na studio karibu na mji unaohudumiwa lilifutwa.

Kwa itikadi yangu, masafa ya redio ni amana ya umma, na serikali inayotoa leseni inawajibika kudai walau mtu mmoja aliye macho penye kipaza sauti usiku kucha.